Anapumua, Lakini Je, Anaweza Kukohoa?

Ukikaa na wauguza wagonjwa utasikia mengi kuhusu kikohozi, na mengine yanahatarisha maisha.

La kwanza ni kwamba mapafu ndiyo yanayokohoa. Mapafu hayana misuli ya kujikamua kwa nguvu hiyo. Vumbi la pilipili likigusa zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, habari hupanda kwa neva ya vagasi hadi kwenye shina la ubongo, mahali palepale panaporatibu pumzi. Hapo mwendo wa kawaida wa kupumua huvunjwa. Kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, kinaamriwa kuvuta hewa, nyuzi za sauti zinafunga njia kwa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde, na misuli ya tumbo na mbavu inakaza mpaka shinikizo linapanda kifuani. Nyuzi zikifunguka, hewa hufyatuka. Aliyekohoa wiki nzima anajua panapouma: mbavuni na tumboni.

Hili la pili ndilo linaloniumiza zaidi: “Madhali anapumua vizuri, makohozi atayatoa mwenyewe.” Kupumua na kukohoa hutumia nyaya tofauti. Neva ya kiwambo huanzia shingoni, kwenye sehemu ya 3, ya 4 na ya 5 ya ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo. Neva za misuli ya tumbo hutokea chini zaidi, kuanzia katikati ya kifua hadi kiunoni. Sasa mkwezi ameanguka kutoka mnazini, ugwe umeumia kwenye sehemu ya 6 ya shingo. Kiwambo chake bado kinapata amri, kwa hiyo anavuta pumzi. Tumbo halipati chochote. Akijaribu kukohoa, husikii ila mguno mdogo. Mtu mzima mwenye afya hutoa hewa kwa kasi inayopita lita 360 kwa dakika; ikiwa chini ya 160, makohozi hayang’oki, na nimonia huja nyuma yake.

Lakini msaada upo, na hauhitaji umeme. Mtaalamu wa fiziotherapia huweka viganja chini ya mbavu za mgonjwa, humwambia avute pumzi, kisha husukuma kwa ndani na juu wakati uleule anapokohoa. Viganja vinashika kazi ya misuli iliyonyamaza. Ndugu waombe kufundishwa kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Si jambo la kujaribu kwa kubahatisha.

Wapo pia wanaokohoa wakisafisha masikio, wakaambiwa sikio limetoboka hadi kifuani. Hakuna tundu. Tawi dogo la vagasi hufika kwenye njia ya sikio, basi.

Tena husemwa kwamba kikohozi hakizuiliki. Kwa kiasi kinazuilika: mtu hujikaza msibani mpaka dua iishe, kwa kuwa ubongo wa juu unaweza kulizuia shina kwa muda, au kuliamuru likohoe pasipo muwasho wowote. Katika usingizi mzito hali ni nyingine. Huko kikohozi hunyamaza, na kwa kawaida mtu huamka kwanza ndipo akohoe.

Na lile la mwisho: “Hakohoi, basi kifua chake ni kizima.” Vihisio vya kikohozi vimejaa kwenye zoloto, bomba la hewa na matawi yake makubwa. Kule ndani kabisa, kwenye vifuko vya hewa, havipo, kwa hiyo nimonia inaweza kuanza huko kimyakimya. Kiharusi nacho huweza kuzima vihisio vya koo au amri yenyewe. Uji ukaingia njia ya pumzi na mgonjwa asipaliwe hata kidogo. Mama anayemlisha mumewe anafurahi kuona kijiko kinapokelewa bila shida. Ndiyo maana mgonjwa wa kiharusi hupimwa umezaji kabla ya kupewa chakula au maji. Sauti yake ikilowa baada ya kumeza, kama ya mtu anayeongea na maji kooni, weka kijiko chini, mwache ameketi wima, umwite muuguzi.