Mvutano, si Mvuto

Katika madarasa ya fizikia maneno manne hutumiwa kana kwamba ni jambo moja: graviti, mvuto, mvutano na uzito. Mwalimu huyabadilisha apendavyo, na mwanafunzi huyanakili yote. Hasara yake huonekana anapoulizwa kama embe nalo huivuta dunia. Wengi hucheka.

Neno la Kizungu lilitokana na Kilatini, kutoka neno lenye maana ya kitu kizito. Lilianzia katika kile mkono unachohisi. Kiswahili kilishika njia nyingine. Kilichukua kuvuta, kikakitia kitenzi hicho kiambishi cha kutendana, kikapata kuvutana na hatimaye mvutano. Hakuna avutanaye peke yake. Na hilo hasa ndilo alilolieleza Newton mwaka 1687: kila chembe ya maada huvuta kila chembe nyingine, kwa kani inayolingana na zao la tungamo zao na inayopungua kwa mraba wa umbali baina yao. Embe la gramu 300 huvutwa na dunia kwa kani ya nyutoni 3 hivi, nalo huivuta dunia kwa nyutoni zizo hizo 3. Dunia haionekani kusogea kwa sababu tungamo yake ni kubwa mno, si kwa sababu haivutwi.

Kwa hiyo "mvuto wa dunia" ni usemi wa nusu. Huipa dunia kazi yote, embe likabaki kukokotwa kama mbuzi wa kamba.

Wapo wanaodai kwamba mvutano ni neno la magazetini, la pande mbili zisizopatana, na kwamba graviti hueleweka kimataifa. Hoja hii ya pili ina uzito, kwa maana ya mtaani ya neno hilo. Lakini kwa mwanafunzi asiyejua Kilatini graviti ni jina tu, halimfunulii kitu.

Uzito nao uachiwe mahali pake: ni kani ambayo kwayo dunia, au mwezi, huvuta kitu kilichopo hapo. Mtu mwenye tungamo ya kilo 60 ana uzito wa nyutoni 588 hapa duniani, na 98 hivi mwezini, ingawa kilo zake ni 60 kote kuwili. Muuza sukari sokoni asisumbuliwe kwa hili. Mwalimu hana ruhusa hiyo.

Kosa baya kuliko yote ni kufundisha kwamba angani hakuna mvutano. Kilomita 400 juu, vinakozunguka vyombo vya wanaanga, mvutano wa dunia bado hukaribia sehemu 9 kwa 10 za ule wa hapa chini. Wanaanga huelea kwa kuwa wao na chombo chao huanguka pamoja bila kukoma, wakiizunguka dunia. Mvuvi wa pwani angeshangaa kusikia kwamba mvutano huishia mawinguni: bamvua yake huletwa na mwezi ulio mbali kiasi cha kilomita 384,000, ukisaidiwa na jua.

Ni kweli kwamba mwaka 1915 Einstein alieleza jambo hili upya, kwa kupinda kwa nafasi na wakati, na katika maelezo yake mvutano wenyewe huwa kama tamathali ya usemi. Hata hivyo, hesabu za Newton ziliwafikisha watu mwezini mwaka 1969, na kwa kidato cha tatu zatosha kabisa.