Tuchore ramani kabla ya maji



Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi wa Dar es Salaam walianza Ramani Huria, wakachora mitaro, vichochoro na nyumba zinazofikiwa na mafuriko. Aprili 2024 maji yalikumba Rufiji na Kibiti, chini ya Bwawa la Julius Nyerere.

Sisi watu wa Kigoma tuna mradi wa umeme wa megawati 49.5 pale Igamba, Mto Malagarasi. Nashauri vijana wa Ilagala, walio chini ya Igamba, wajitolee kuchora ramani yao. Wazee waonyeshe maji yalipowahi kufika. Viongozi watenge njia za kukimbilia. Onyo bila njia ni kelele tu.

Mwananchi,
Mtendeli, Kigoma.