Umelala, Umekula, Usirudishe Muamala

Agosti ikikaribia, magrupu ya WhatsApp huku Mwiki huanza kujaa mipango ya safari. Shule zinafungwa, chama kimejikusanyia kitu kidogo, na kuna mtu ameshapata nyumba ya wageni Naro Moru: vyumba vinne, chakula ndani, mlima unauona ukifungua dirisha. Kisha mweka hazina anaandika lile swali. Hawa watu wanataka pesa kabla hatujafika, tutume?

Jibu letu ni ndiyo, tuma. Tunajua si jibu mlilotarajia kutoka kwetu. Kazi yetu kila siku ni kuwaambia msitume pesa ovyo, na bado tunasema hivyo. Lakini kwa nyumba ndogo inayoendeshwa na familia, tunaona mteja ana deni ambalo hatujalizungumzia vya kutosha: alipe sehemu ya pesa mapema, na akishalipa, aiache pale ilipo.

Tueleze ni nyumba gani hizi. Kutoka Mwiki unatokea Githurai, unashika Thika Road, unapita Kenol, Makutano, Sagana, Karatina na Kiganjo, na kabla hujafika Nanyuki uko Naro Moru. Hapo ndipo huanzia ile njia ya kupanda Mlima Kenya kupitia Met Station, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, mpaka Point Lenana, mita 4,985. Hoteli kubwa zipo, ndiyo. Sisi tunasema zile boma ambapo mzee na mama wamejenga vyumba vitatu vinne nyuma ya nyumba yao, binti anasaidia jikoni, na kijana wa nyumba ndiye anayewajua wapagazi. Si lojing ya stendi, ile unalipa dirishani unapewa ufunguo umefungwa kibao. Hapa unaota moto wa kuni na wenyewe, unakula mukimo walioupika wao, na usiku unaombwa upunguze sauti kwa sababu guka analala mapema.

Mpango huu hauko Kenya peke yake. Japani, kwenye milima ya Nagano ambako watu huenda kuteleza kwenye theluji, kuna nyumba kama hizo zinazoitwa minshuku. (Nagano si jina geni kwetu. Mwaka 1998 Philip Boit alishindana huko kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, mbio za kilomita 10 za kuteleza, akamaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja kwenye mstari amkumbatie.) Kwenye minshuku familia inaishi humo humo, unalala kwenye godoro linalotandikwa sakafuni, bafu ni la wote, na kwa kawaida bei ni ya kichwa, si ya chumba, kwa sababu ndani yake mna chakula cha jioni na cha asubuhi. Hiyo bei ya kichwa ndiyo inayoeleza kila kitu. Mgeni asipotokea, hakijabaki kitanda kitupu tu. Imebaki sahani iliyopikwa.

Naro Moru hesabu ni hiyo hiyo. Tuseme nyumba inatoza 2,000 kwa mtu kwa usiku, chakula ndani. Mko wanane, siku mbili, hiyo ni 32,000. Ijumaa asubuhi mama anaenda soko: kuku, viazi, maziwa, mtungi wa gesi unajazwa. Jumatano alishakataa kundi lingine kwa sababu yenu. Saa mbili usiku simu zenu hazishikwi. Hoteli yenye vyumba mia itaimeza hasara hiyo na isijue. Hii ya vyumba vinne imepoteza wikendi nzima, na wikendi nzuri za mlima hazijazi mwaka: kuna Januari na Februari, halafu kuanzia Julai mpaka mvua zirudi.

Sisi wenyewe tumelala kwenye nyumba kama hiyo tukiwa watano, na mezani kulikuwa na chakula cha watu zaidi ya kumi. Kundi lililoahidi kwa simu, bila kulipa hata shilingi, halikutokea. Tulipakuliwa kuku mara mbili. Mama hakusema neno baya, aliuliza tu kama tungependa kubeba chapati za njiani. Tulizibeba, lakini tulijua zilikuwa za nani.

Asiyetokea bado tunaweza kumwelewa, labda gari limeharibika. Kuna mwingine hatumwelewi kabisa. Huyu anafika, analala, anakula, analipa mbele ya mama, ujumbe unaingia kwa simu zote mbili, wanaagana vizuri. Gari likifika Karatina anaomba muamala urudishwe, eti alikosea nambari.

Tuseme wazi: huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa ajili ya kidole kilichoteleza. Ulitaka kumtumia dadako, pesa ikaenda kwa mtu humjui Lodwar. Kwa M-Pesa, kwa mfano, unasambaza ule ujumbe wa muamala kwenda 456, na kama pesa bado ipo, inaweza kuzuiliwa kwanza. Sasa fikiria upande wa mama. Ana pesa haigusiki, ana deni la kuku, na wageni wa Jumatatu wako njiani. Wapo wanaosimulia mchezo huu kwenye matatu kama ujanja wa mjini. Sisi tunauita wizi, na sheria haiko mbali na sisi: kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kupata mali kwa udanganyifu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitatu. Anayeonyesha ujumbe bandia wa malipo kisha akapanda gari yuko kwenye kapu hilo hilo. (Mwenye nyumba, usisome simu ya mgeni. Angalia yako, tena angalia salio.)

Kuna watakaosema maji ya moto hayakutoka, chumba kilikuwa baridi, picha zilidanganya. Sawa, hayo ni malalamiko ya haki. Mwambie mama kabla hujalipa salio, mpunguziane hapo hapo. Lakini huduma mbaya na nambari iliyokosewa ni vitu viwili, na ukivichanganya unawaharibia wale waliokosea nambari kweli.

Na tapeli je? Yupo, tena anazipenda nyumba hizi kwa sababu hazina tovuti wala mtu wa mapokezi. Anachukua picha za nyumba ya watu, anaweka nambari yake, na wikendi ya sikukuu anakusanya pesa za makundi matano kwa vyumba ambavyo hajawahi kuviona. Ndiyo maana tunasema tuma, lakini tujue unatuma vipi. Tafuta nambari ya nyumba mahali pengine mbali na lile bango la Facebook, uone kama zinafanana. Piga simu ya video uombe kuonyeshwa jiko. Mwenye nyumba hana shida kuonyesha jiko lake. Uliza kutoka barabarani unakata wapi. Omba nambari ya tili, na kabla ya kukamilisha malipo soma jina linalotokea. Nyumba ina jina moja, skrini ina jina lingine, na maelezo ni "huyo ni shemeji"? Simama kwanza.

Hapa tuna neno kwa wenye nyumba pia. Nyinyi mnaopokea pesa za wageni kwa nambari ya mtoto aliye chuo, mnawafanya wageni wazuri waogope na mnamfunika tapeli, kwa sababu nambari yake na yenu zinafanana kabisa machoni pa mteja. Chukueni tili yenye jina la nyumba. Mgeni akilipa kwa tili hakatwi ada, na zile hadithi za "tuma na ya kutoa" zinaisha. Pesa ya wageni nayo haichanganyiki na karo ya mtoto.

Ni kiasi gani kinatosha kushika chumba? Tunaona theluthi moja ni haki kwa wote. Kwa ile 32,000, tuma 10,000. Anayetaka yote kabla hamjaona hata geti, mwambieni hapana kwa heshima. Na atume mtu mmoja, mweka hazina, mara moja. Wanane wakituma 1,250 kila mmoja kwa wakati wake, mama atakesha akilinganisha majina, na mmoja hatatuma.

Kisha andikeni. Si mkataba wa wakili, ni ujumbe wa kawaida: "Habari mama. Tumetuma 10,000 ya watu 8, Ijumaa na Jumamosi. Tukiahirisha kabla ya Jumatano utaturudishia yote, baada ya hapo nusu. Tusipokuja bila kupiga simu, ibaki yako. Ni sawa?" Akijibu "ni sawa, karibuni", kila mtu anajua alipo. Mkiahirisha, pesa inarudi kwa kuomba, kutoka kwa mama, kwa mkono wake. Mkikosa kuja kimya kimya, ile 10,000 imelipa kuku na viazi.

Pesa ya mlima wenyewe ni hesabu tofauti. KWS hawapokei taslimu getini, ni kupitia eCitizen, kwa hivyo lipeni mkiwa bado kwa mama ambako mtandao unashika. Hata kama mnaenda Met Station tu na kurudi jioni, chajini simu na muziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi inakula betri, na simu ikizima imezima na pochi yako. Muwe pia na noti kidogo za kumshukuru kijana atakayewabebea mzigo. Mkishuka mtakuta maji ya moto yamewekwa. Lipeni ile 22,000 iliyobaki kabla ya chai, maana baada ya chai hakuna atakayekumbuka PIN.