Nchi Imejitoa, Nyumba Je?



Mwezi huu tunawachukua mbali kidogo, hadi pwani ya kusini ya nchi ya Hispania. Kwa miaka mingi Waingereza wamekuwa wakihamia huko, hasa wazee waliokwisha kustaafu na kuchoshwa na baridi ya kwao. Hununua nyumba ndogo karibu na bahari, huishi kwa pensheni inayotoka Uingereza, na asubuhi hukutana kunywa chai na kupashana habari za nyumbani. Si wazee tu. Wapo vijana wenye kazi, ambao watoto wao wanasoma katika shule za Kihispania. Wapo wanawake wa Kiingereza walioolewa na Wahispania. Wenzao wengine wako Ufaransa, Italia, Ujerumani na Ureno.

Tumewachagua hawa kwa sababu nchi yao ilipoamua kujitoa katika Umoja wa Ulaya, wao walibishana sana: mume na mke, jirani na jirani, mama na mwanawe. Tukiyatazama mabishano yale vizuri, tutaona kuna jambo linalotufaa sisi tunaotunza nyumba.

Kwanza tukumbushane umoja wenyewe. Uingereza iliingia katika Jumuiya ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973. Mwaka 1975 wananchi waliulizwa kama wabaki, na asilimia 67 ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Baadaye jumuiya hiyo ikakua na kuitwa Umoja wa Ulaya. Tunda lake moja kubwa lilikuwa hili: raia wa nchi mwanachama aliweza kuhamia nchi mwanachama nyingine, akafanya kazi, akaoa au akaolewa, akanunua nyumba, bila kuomba viza. Ilikuwa karibu kama mtu kuhama mkoa mmoja kwenda mwingine. Ndiyo maana Waingereza wengi wa Hispania hawakujiona kuwa wageni hasa.

Tarehe 23 Juni 2016 wananchi wa Uingereza waliulizwa tena. Safari hii asilimia 51.9 walitaka kutoka, na asilimia 48.1 walitaka kubaki. Nchi ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na muda wa mpito ukaisha tarehe 31 Desemba mwaka huo huo.

Sasa turudi kwenye meza ya chai. Huenda mkadhani kwamba Waingereza wote wa Hispania walitaka kubaki. Sivyo. Wapo waliosema, "Nchi yetu itunge sheria zake yenyewe, isiamriwe na wakubwa wa Brussels. Fedha zetu zibaki kwetu, na serikali yetu iamue nani aingie na nani asiingie." Jirani akajibu, "Lakini wewe mwenyewe umeingia hapa kwa mlango huo huo unaotaka ufungwe!" Naye mwenzake hakukosa la kusema: "Mimi nimekuja na pensheni yangu, sikumnyang'anya mtu kazi. Wahispania wanazihitaji fedha zetu, hawatatufukuza." Chai ikapoa, na wengine wakaacha kusalimiana.

Hatuandiki haya ili tuamue nani alikuwa na haki. Mtu anaweza kuipenda nchi yake na kutaka ijitoe, na mwingine anaweza kuipenda vivyo hivyo na kutaka ibaki. Tunataka kuuliza swali jingine: wakati meza ilipokuwa ikibishana, nani alikuwa akiangalia nyumba imesimama juu ya nini?

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba wengi wa waliobishana hawakuwa na kura. Wakati ule sheria ya Uingereza ilimnyima kura raia aliyekaa nje zaidi ya miaka 15. Alikuwapo mzee mmoja, Harry Shindler, askari wa zamani aliyepigana Italia katika Vita Kuu ya Pili, ambaye alikuwa akiishi huko Italia tangu 1982. Alidai haki hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2016, kabla ya kura ile, yeye na mwanamke mmoja Mwingereza aliyekuwa akiishi Ubelgiji waliishtaki serikali yao, wakashindwa. Sheria ilikuja kubadilishwa mwaka 2022, lakini ilianza kutumika Januari 2024. Mzee Shindler alikuwa amefariki Februari 2023, akiwa na umri wa miaka 101.

Na tazameni ajabu nyingine. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waliokuwa wakiishi Uingereza kihalali waliruhusiwa kupiga kura ile. Yaani mama Mtanzania, Mkenya au Mganda aliyekuwa akiishi London aliweza kuamua, lakini mama Mwingereza aliyekaa Málaga miaka 16 hakuweza. Wazee wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa waliolalia kitanda wengi hawakuulizwa.

Jambo la pili ni kwamba matokeo ya kura yaliingia jikoni kabla hata nchi haijatoka. Paundi ilianguka mara moja. Kabla ya kura, paundi moja ilikuwa sawa na yuro 1.30 hivi; miezi michache baadaye ilikaribia yuro 1.10. Hebu tupige hesabu. Mama mwenye pensheni ya paundi 800 kwa mwezi alikuwa akipata yuro 1,040. Sasa alipata yuro 880. Hakuna aliyempunguzia pensheni, lakini yuro 160 za chakula na umeme zilikuwa zimeondoka.

Jambo la tatu ni karatasi. Uingereza na Umoja wa Ulaya waliandikiana mkataba kwamba Mwingereza aliyekuwa akiishi kihalali katika nchi mwanachama kabla ya mwaka 2020 kwisha, atabaki na haki ya kuishi, kufanya kazi na kutibiwa katika nchi hiyo, na pensheni yake itaendelea kuongezwa kama ya wazee walioko nyumbani. Ni mkataba mwema. Lakini angalieni neno lile, "kihalali". Tangu siku ya kura hadi mwisho wa mpito ilipita miaka minne na nusu. Mwenye kujiandikisha katika muda huo alikuwa salama. Yule aliyekuja kila majira ya baridi akakaa miezi mitano katika nyumba yake mwenyewe, akisema "tutajiandikisha mwakani", aligeuka mgeni wa kawaida: haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Nyumba ni yake, ufunguo anao, lakini siku za kulala ndani yake zinahesabiwa.

Hata waliojiandikisha walikutana na mambo ambayo hayakutajwa mezani. Haki yao ni ya nchi ile moja tu. Mwenye kibali cha Hispania hawezi tena kuhamia kazi Ufaransa kama zamani. Tena, kuanzia tarehe 1 Mei 2022 hadi katikati ya Machi 2023, wakazi wa Hispania waliokuwa hawajabadilisha leseni zao za udereva za Kiingereza hawakuruhusiwa kuendesha gari kwa leseni hizo, hadi serikali mbili zilipopatana. Fikirini mama anayeishi kijijini, mume hawezi kutembea, hospitali iko mbali, na gari limesimama uani miezi kumi.

Lakini jambo lililotugusa zaidi ni hili. Tuseme yupo mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa na Mhispania na kuzaa naye watoto huko Hispania. Mama yake mzazi aliyebaki Uingereza amezeeka na anahitaji kuuguzwa. Zamani angefunga mizigo, akaondoka na mumewe na watoto. Wenye ndoa za zamani walipewa hadi tarehe 29 Machi 2022 kurudi kwa masharti ya zamani. Baada ya hapo, mume sharti aombe viza, na kwa kawaida mke aonyeshe kuwa na kipato cha kiasi kilichowekwa kwa mwaka, au akiba kubwa benki. Kiasi hicho kilikuwa paundi 18,600, na Aprili 2024 kikapandishwa hadi paundi 29,000. Sasa mwanamke aliyelea watoto nyumbani, asiye na mshahara wake mwenyewe, ataonyesha nini? Achague kati ya mama yake na mume wake? Swali hili halikusikika sana katika mabishano ya mwaka 2016, nalo ndilo linalomkosesha mtu usingizi.

Akina mama, huenda mmoja wenu atasema, "Hayo ni ya Wazungu, sisi yatuhusu nini?" Yanatuhusu hivi. Kila nyumba imesimama juu ya jambo fulani ambalo halionekani: kazi ya mume, kibali, hati ya kiwanja, bima, mpaka ulio wazi. Likiwapo, hatulitazami. Likiondoka, ndipo tunapouliza karatasi ziko wapi, na mara nyingi tunakuta zote zimeandikwa jina moja tu.

Kwa hiyo tunawashauri mambo matatu.

Kwanza, tenganisheni maswali mawili. "Je, uamuzi huu ni mwema?" ni swali moja. "Ukipita, sisi tutaishije?" ni swali jingine. Mume na mke wanaweza kutofautiana kabisa katika la kwanza, wakakaa pamoja na kulijibu la pili.

Pili, mfahamu mambo ya nyumba yenu mapema, wakati kuna amani. Kibali kinaisha lini? Matibabu yanalipwa kwa jina la nani? Mmoja akifariki, mwingine anabaki na haki gani? Si utovu wa adabu mke kumwuliza mumewe maswali haya. Ni kazi ya mlinzi wa nyumba.

Tatu, msiuvunje ujirani kwa sababu ya kura. Waingereza wale walioacha kusalimiana bado wanaishi mtaa mmoja. Nchi yao imekwisha toka, na hoja zao zote mbili zimezeeka. Lakini usiku mmoja wao akiugua, anayesikia mlango ukigongwa si Brussels wala London. Ni yule jirani wa ukuta wa pili.

Jioni moja ya juma hili, watoto wakisha kulala, chukueni lile sanduku au bahasha ya karatasi za nyumbani. Ifungueni wote wawili. Someni kila karatasi, mtazame jina na tarehe. Ipo iliyokwisha muda? Ipo isiyo na jina la mama mahali linapopaswa kuwapo? Anzeni na hiyo.