Kompyuta Kuukuu Si Aibu, Aibu ni Mlango Wazi

Tuambiane ukweli. Wengi wetu huku Mountain View, Kangemi hadi Uthiru hatuna laptopu za maana. Tuna mashine ya mitumba kutoka tao, betri ilikufa kitambo, stima ikipotea nayo inazima. Na bado kazi inaendelea: tovuti ya duka la binamu, rekodi za chama cha mtaa, vyote viko kwenye seva tuliyokodi ng'ambo, nasi tunaiendesha kutoka bedsitta.

Inawezekana kwa sababu kazi nzito inafanywa na seva. Mashine yako ni dirisha tu: amri zinaenda kama maandishi, majibu yanarudi kama maandishi. Hata Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya mwaka wa 1982 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64, wapenzi wake bado wanaiunganisha na seva za leo. Kwa hivyo usikope pesa za laptopu mpya eti ndiyo uanze.

Lakini hiyo njia ya kwenda na kurudi lazima ifungwe. Zamani watu walitumia telnet, na paswadi ilisafiri wazi kama barua isiyo na bahasha. Mwaka wa 1995 kuna mtu alinasa paswadi kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akaunda SSH, inayofumba mazungumzo yote ili anayedukiza aone takataka tu.

Sasa, kufuli nazo huzeeka. OpenSSH toleo la 8.8, la mwaka wa 2021, liliacha kukubali sahihi za SHA-1 isipokuwa mwenye seva aziruhusu mwenyewe. Programu ya kale ikibisha hodi, inarudishwa. Hapa ndipo wasee wengi huteleza: badala ya kushughulikia mashine yao, wanalegeza seva. Wanarudisha kufuli bovu, ama wanafungua telnet kabisa, ili mambo yaishe haraka.

Usifanye hivyo. Utasema, "Nani atanidukua mimi?" Wi-Fi ya ploti yenu ina paswadi moja ambayo kila mpangaji anaijua, pamoja na waliohama mwaka jana. Na huko nje kuna roboti zinazobisha kwenye poti 22 za seva usiku na mchana, hazijali wewe ni nani. Tena data si yako. Namba za wanachama ziko mle, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayezishika azilinde.

Ufanye nini basi? Kwanza, weka Linux nyepesi na programu mpya ya SSH; laptopu nyingi za mitumba zinaibeba bila shida. Ikiwa mashine ni nzee kiasi kwamba haiwezi, tafuta mpatanishi: kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Mkongwe anaongea naye kwa waya mle chumbani, yeye ndiye anayefumba na kutoka nje. Pili, tengeneza ufunguo wa Ed25519, uulinde kwa neno la siri, kisha uzime kabisa kuingia kwa paswadi. Tatu, mara ya kwanza ukiunganika seva itakuonyesha alama yake ya kidole. Usikimbilie kuandika ndiyo. Ilinganishe na ile uliyopewa na kampuni inayokukodishia.

Mimi chuo nilikiacha katikati, na hakuna hatua hapo inayohitaji digrii. Inahitaji jioni moja na bando kidogo. Mteja wako hatawahi kuuliza unatumia laptopu ya mwaka gani. Siku data yake ikimwagika, atauliza ni nani aliyeacha mlango wazi.