Ndege anayetoka mgodini asilale na wenzake

Bandugu wachimbaji, ku mkutano wetu wa sendika nilisema neno juu ya ndege za nyumbani, watu wakacheka. Kamarade moja akasimama: «Siye hatuna hata kofia za mgodi, wewe unatuletea habari ya kasuku?» Ana haki ya kuuliza. Lakini wiki ile ile bibi yake alikuwa ametupa kuku saba na njiwa zote za batoto.

Alitoka Shabunda na kasuku ndani ya kitunga, na njiani akanunua kuku mbili. Jioni ile akafungulia kuku ndani ya kibanda pamoja na zingine, kasuku akamtundika juu yao. Siku chache tu: shingo zinapindika, mavi ya kijani, kifo. Kwa mimi ile ni Newcastle, na dawa ya kuiponya haiko. Kuku saba ni minerval ya mtoto wa sekondari, sasa nani anacheka?

Kujitenga tunakujua. Ku Kamituga, tangu mwisho wa 2023, mpox ilipita kati yetu. Tulijifunza kwamba mgonjwa analala peke yake, mikono ni maji na sabuni, blanketi yake haigawanywi. Mwezi wa 8, 2024 OMS ikatangaza hatari ya dunia nzima. Kwa ndege ni vile vile. Mgeni akae mbali na wengine siku 30, na chombo chake cha maji na chakula. Walishe kwanza wale wa zamani, mgeni awe wa mwisho, kisha nawa mikono. Na ile viatu uliyotembea nayo ku soko ya Kadutu, kati ya vitunga vya kuku, iache ku mlango. Ugonjwa unasafiri na matope ya viatu.

Sasa jambo linalonigusa zaidi. Kasuku na njiwa wanaweza kuwa na ugonjwa unaoitwa psitakozi, na huo unaingia mpaka ndani ya mtu. Mavi yanakauka, yanakuwa vumbi, unavuta: homa, kichwa, kikohozi kikavu. Siye wenye mapafu yaliyokwisha kula vumbi la mawe miaka 20, kikohozi tunakizoea, tunasema ni kazi. Mimi nilikohoa mwezi mzima, ku dispansere wakanipa sirop, hakuna aliyeniuliza kama ninafuga ndege, na mimi sikusema. Sema! Muambie daktari, juu antibiotiki ya ugonjwa huu iko. Na usifagie kibanda kikiwa kikavu. Mchimbaji mwenye akili anamwagia jiwe maji mbele ya kulitoboa. Mwagia na mavi maji, funga kitambaa ku pua, batoto wasimame mbali.

Kuhusu kasuku wa porini, nitasema wazi hata kama wengine watanikasirikia: tuache kuwanunua. Mwaka 2016, ku Johannesburg, nchi zilikubaliana kufunga biashara yao ya kimataifa, na misitu yetu inazidi kunyamaza. Mimi pia nilikuwa naye moja, sijivunii. Pale Lwiro, Kabare, kuna kituo kinachopokea nyani na kasuku waliokamatwa, na hata wale wataalamu hawamuingizi mgeni kati ya wengine siku ya kwanza.

Kuku na njiwa, lakini, zinabaki, na chanjo ya Newcastle iko. Shida ni kwamba chupa moja ni ya kuku 100 ao zaidi, na mtu moja ana kuku nane. Kwa hiyo ku avenue yetu ya Kadutu tumefanya likelemba ya chanjo: familia 12, kila moja inatoa kidogo, daktari wa mifugo anakuja asubuhi moja, anapita mlango kwa mlango. Chanjo inapenda baridi na kurà inajua kukatika. Mwenye frigo ya kuaminika aje aniambie mbele ya Jumapili.