Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwao ni wapi? Kisa cha timu ya taifa ya Ireland

Februari 2019 kijana wa miaka 20 alitoa tamko lililowaumiza mashabiki wa nchi nzima. Declan Rice, kiungo aliyekuwa akichezea West Ham, alisema kuanzia siku hiyo ataichezea Uingereza. Mwaka mmoja kabla, kijana huyohuyo alikuwa amevaa jezi ya kijani ya Jamhuri ya Ireland mara tatu, dhidi ya Uturuki, Ufaransa na Marekani.

Wapo waliomwita msaliti. Wapo waliosema ana haki yake, kwani amezaliwa London. Wasikilizaji wetu wengi mnaofuatilia ligi ya Uingereza mnamjua Rice wa Arsenal, na swali linajirudia vijiweni: inakuwaje mtu acheze nchi moja leo na nyingine kesho? Katika makala haya tunaeleza kanuni zinavyosema, na kwa nini jambo hili lina uzito wa pekee kwa Ireland.

Nchi iliyotawanya watoto wake

Tuanzie mbali kidogo. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi, chakula kikuu cha maskini wa Ireland. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wapatao milioni moja wakapanda meli kwenda Marekani, Uingereza na kwingineko. Safari hizo hazikukoma njaa ilipokwisha. Kwa zaidi ya miaka mia moja vijana waliendelea kuondoka kutafuta kazi. Mpaka leo kisiwa kizima kina watu wachache kuliko kilivyokuwa navyo kabla ya njaa ile.

Ndiyo maana sheria ya uraia ya Ireland inawakumbuka waliozaliwa ugenini. Ukiwa na babu au bibi mmoja aliyezaliwa katika kisiwa hicho, unaweza kuandikishwa kuwa raia na kupewa pasipoti, hata kama hujawahi kukanyaga huko. Kwenye soka watu wameibandika jina la utani: kanuni ya bibi.

Aliyeitumia kanuni hiyo vizuri kuliko wote ni Jack Charlton, Mwingereza aliyetwaa Kombe la Dunia na England mwaka 1966, kisha akakabidhiwa timu ya Ireland mwaka 1986. Kabla yake Ireland haikuwahi kufika mashindano makubwa. Charlton alizunguka viwanja vya Uingereza akitafuta wachezaji wenye asili ya Ireland. Watani wakasema herufi FAI, za shirikisho la soka la nchi hiyo, maana yake ni "Tafuta Mwairishi".

Utani ulikwisha mwaka 1988. Katika fainali za Ulaya, Ireland iliifunga England 1-0, na mfungaji, Ray Houghton, alizaliwa Glasgow, Scotland. Miaka miwili baadaye ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Italia. Kati ya wachezaji 22 wa kikosi kile, 16 walizaliwa nje ya Ireland. Nahodha Mick McCarthy alizaliwa Barnsley, England. Aliyefunga penalti ya mwisho dhidi ya Romania, David O'Leary, alizaliwa London ingawa alikulia Dublin. Nchi nzima ilisherehekea, na wachache mno waliuliza cheti cha kuzaliwa.

Kanuni za FIFA kwa ufupi

Jambo la kwanza ni uraia. Bila pasipoti ya nchi huwezi kuichezea. Lakini pasipoti peke yake haitoshi. Tangu 2004, baada ya Qatar kutaka kuwapa uraia wachezaji wa Brazil wasio na uhusiano wowote na nchi hiyo, FIFA inadai mchezaji anayepata uraia mpya awe na fungamano la kweli: awe amezaliwa huko, au mzazi wake, au babu au bibi yake, au awe ameishi huko miaka kadhaa. Kwa aliyehamia akiwa mtu mzima, ni miaka mitano.

Jambo la pili ni aina ya mechi. Mechi ya kirafiki haimfungi mchezaji. Rice alicheza mechi tatu, zote za kirafiki, hivyo mlango ulikuwa bado wazi.

Jambo la tatu ni mabadiliko ya mwaka 2020. Sasa hata aliyecheza mechi za mashindano anaweza kuhama mara moja, mradi hazizidi tatu, alizicheza kabla ya kutimiza miaka 21, miaka mitatu imepita, na hakucheza fainali za Kombe la Dunia wala za bara lake.

Kwa hiyo Rice hakuvunja kanuni yoyote. Kabla yake Jack Grealish, mzaliwa wa Birmingham mwenye babu na bibi Waairishi, alicheza timu za vijana za Ireland kisha mwaka 2015 akachagua England.

Moyo hupimwa kwa nini?

Hapa ndipo penye mzozo. Kanuni hupima karatasi, lakini shabiki anataka kupima moyo. Tunaona hatari ya kudhani kwamba mahali pa kuzaliwa panaonyesha moyo wa mtu. Kevin Kilbane alizaliwa Preston, England, kwa wazazi wa Ireland. Alikataa kuitwa timu ya vijana ya England, kisha akaichezea Ireland mara 110. Tony Cascarino naye aliingia kupitia ukoo wa mama yake. Baadaye mama akamfunulia kwamba yeye alikuwa mtoto wa kulelewa, si wa damu. Cascarino aliandika jinsi siri hiyo ilivyomtesa. Shirikisho lilisema alikuwa na haki ya kucheza, na mechi zake 88 hazikufutwa na mtu.

Upande wa pili, tusiwahukumu haraka wanaoondoka. Kijana aliyezaliwa London, akasoma London, akafundishwa mpira London, hadanganyi akisema anajiona Mwingereza. Babu yake alitoka Cork, naye anampenda babu yake. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja. Tatizo ni kwamba jezi ni moja.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakutuambia afanyeje mwenye kwao kuwili.

Sura mpya za jezi ya kijani

Leo swali limegeuka. Zamani Ireland ilitoa watu, sasa inapokea. Chiedozie Ogbene alizaliwa Lagos, Nigeria, akahamia Cork akiwa mtoto. Juni 2021 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kuichezea timu ya wakubwa ya Ireland. Kipa Gavin Bazunu alizaliwa Dublin na mshambuliaji Adam Idah alizaliwa Cork, na wote wawili baba zao ni Wanigeria. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1979 na Chris Hughton, mzaliwa wa London, ambaye baba yake ni Mghana na mama yake Mwairishi.

Lakini hapa pana jambo ambalo mashabiki wengi hawalijui. Mwaka 2004 wananchi wa Ireland walipiga kura kubadilisha katiba. Tangu Januari 2005 mtoto wa wageni akizaliwa Ireland hawi raia moja kwa moja. Mzazi lazima awe ameishi nchini kihalali miaka mitatu katika minne iliyotangulia. Matokeo yake, kijana wa London ambaye bibi yake aliondoka Ireland miaka 60 iliyopita ana njia ya kupata pasipoti, na mtoto aliyezaliwa hospitali ya Dublin, anayecheza mpira barabara ileile kila jioni, anaweza kukosa mpaka apitie njia ndefu ya kuomba uraia.

Kwa maoni yetu, hilo ndilo swali zito kuliko la Rice. Nchi iliyopata furaha yake kubwa kwa miguu ya waliozaliwa ugenini inajua vizuri kwamba utaifa hauishii mpakani. Ikiwa mjukuu wa mhamiaji ni mwenzao, mtoto wa jirani aliyehamia naye asiwe mbali.

Na kwetu?

Hili si la Ulaya tu. Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia, akakulia England na kuchezea timu zake za vijana, kisha akachagua Kongo. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, hivyo kijana wa Kitanzania mwenye pasipoti ya Ulaya ana uamuzi mgumu zaidi kuliko ule wa Rice.

Kwa hiyo siku mchezaji mwenye kwao kuwili atakapoitwa timu yako ya taifa, kabla ya kuuliza amezaliwa wapi, tazama anavyorudi kukaba dakika ya 90 timu ikiwa imefungwa.